Kuanzishiwa uchungu ili baba awahi kumwona mtoto: nikubali au nisubiri?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27 na hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu kabla sijaolewa, leo zamu ya kuuliza imenifikia.

Mume wangu ni baharia. Sasa hivi yuko nyumbani kwa likizo, na meli yao inaondoka tarehe 16 mwezi ujao. Akishaondoka harudi mpaka ipite miezi mitano. Tulipomweleza daktari jambo hilo hakusita hata kidogo. Alisema mimba haina tatizo: presha nzuri, mkojo safi, mtoto ameshageuka kichwa chini. Tarehe 6 nitakuwa nimetimiza wiki 39, kwa hiyo naweza kulazwa siku hiyo nikaanzishiwa uchungu. Mume wangu alifurahi mpaka akanikumbatia pale pale mbele ya daktari. Mimi nilitabasamu, lakini tangu siku ile sina raha.

Kinachonikosesha raha kwanza ni tarehe zenyewe. Kabla ya kushika mimba nilikuwa natumia sindano ya uzazi wa mpango. Niliacha, na hedhi ilikuwa haijarudi sawasawa nilipopata mimba, kwa hiyo siku ya hedhi ya mwisho siijui. Nilichelewa hata kujitambua. Nilipopiga ultrasaundi ya kwanza niliambiwa mimba ina wiki 23, na karatasi ikaandikwa nitajifungua tarehe 24. Baadaye nikapigwa ya pili, mashine ikasema wiki 34, mtoto ni mkubwa, na tarehe ikarudi nyuma hadi tarehe 13. Daktari amefuata hii ya pili. Nilipouliza mbona zinatofautiana, nikajibiwa kuwa ni kawaida.

Halafu kuna maneno ya watu. Mama mkwe amekasirika, anasema mtoto ana siku yake na kumtoa kwa nguvu ni kumkosea. Dada yangu yeye anaona tunahangaika bure: eti kuna vidonge vya kununua tu, unameza usiku na asubuhi uchungu umeshika, hakuna haja ya kulazwa. Alipojifungulia mtoto wake wa tatu alifanya hivyo na hakupata shida.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Rafiki yangu wa karibu alipitisha tarehe yake kwa zaidi ya wiki moja. Alikaa nyumbani akisubiri. Siku alipokwenda hospitali mtoto alikuwa hachezi tena, na akazaliwa amekufa. Tangu hapo kila ninaposikia neno «subiri» moyo unanipasuka. Usiku namgusagusa mtoto ili acheze ndipo nilale. Kwa hiyo kuna saa natamani hiyo tarehe 6 ifike kesho, na kuna saa natamani isifike kabisa.

Pia nimechoka, Shangazi. Miguu imejaa, kiungulia hakinipi usingizi, nyonga zinauma kila ninapogeuka. Naona aibu kusema hili ni sababu, lakini ni kweli lipo.

Nimesikia kuanzishiwa kunauma kuliko uchungu wa kawaida na mara nyingi kunaishia kwenye upasuaji. Ni kweli? Na nikikataa, mume wangu akiondoka bila kumwona mtoto wake, nitakuwa nimemkosea?

Mama Mtarajiwa

*

Marahaba, mwanangu.

Nakupa jibu kwanza, sababu zinafuata: tarehe 6 usikubali. Sisemi hivyo kwa kuwa kuanzishiwa uchungu ni jambo baya, wala kwa kuwa mume wako hana haki ya kumpakata mtoto wake. Ni kwa ajili ya zile karatasi mbili za ultrasaundi. Ungekuwa na tarehe za uhakika, barua hii ningeijibu kwa namna nyingine kabisa, na nitakueleza namna gani.

Ultrasaundi haioni umri wa mtoto. Inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha inalinganisha vipimo hivyo na wastani wa watoto wa wiki fulani. Katika miezi mitatu ya kwanza watoto karibu wote hukua kwa mwendo mmoja, ndiyo maana kipimo cha wakati huo hukosea kwa siku tano hadi saba tu. Baada ya hapo kila mtoto anashika mwendo wake, kama walivyo wazazi wake, warefu kwa wafupi. Kati ya wiki ya 22 na 27 kosa linaweza kufika siku 14. Kuanzia wiki ya 28 linafika siku 21. Kwa hiyo tarehe ya kujifungua ikishapangwa kwa kipimo cha mapema, haisogezwi kwa kipimo cha baadaye. Mtoto mnene akipimwa mwezi wa nane, mashine inamsoma kuwa amekomaa kuliko alivyo. Siku 11 zinazotenganisha karatasi zako ziko ndani kabisa ya kosa la kawaida la kipimo cha pili. Hazikuhalalisha kubadilisha tarehe.

Sasa tuhesabu pamoja. Kwa karatasi ya pili, tarehe 6 ni wiki 39 kamili, kama daktari alivyosema. Kwa karatasi ya kwanza, ambayo ndiyo ya kuaminiwa zaidi, tarehe 6 ni wiki 37 na siku 3. Na hiyo ya kwanza nayo ilipigwa ukiwa na wiki 23, kwa hiyo ina kosa lake la hadi wiki mbili. Ukienda upande mzuri, mtoto ana wiki 39 na ushee. Ukienda upande mbaya, ana wiki 35 na siku 3, yaani njiti, na mmemtoa kwa makubaliano.

ACOG, chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, kina mwongozo wa 2017 unaohusu hali kama yako hasa. Mimba ambayo umri wake haukuthibitishwa kwa ultrasaundi kabla ya kutimia wiki 22 inahesabiwa kuwa haina tarehe ya kuaminika, na mimba ya namna hiyo haizalishwi kwa hiari kabla ya wakati wake. Na hawa ni madaktari ambao kwa mama mwenye tarehe za uhakika wanakubali kumwanzishia katika wiki ya 39 akitaka.

Wiki hizo mbili tatu za mwisho huenda kwako ni kiungulia na kuvimba miguu tu. Kwa mtoto ni mapafu, ubongo na ini vinavyomalizia kazi. Watoto wa wiki 37 wengi huwa wazima, nakuhakikishia, wala usiogope ukishikwa na uchungu wenyewe wakati huo. Lakini wakilinganishwa na wa wiki 39 au 40, wengi zaidi kati yao huhema kwa taabu siku za kwanza, hushuka sukari, hupata manjano, hushindwa kunyonya vizuri na kulazwa chumba cha watoto wachanga mbali na mama zao. Mimba ikiwa na hatari, gharama hiyo inalipika. Yako, kwa maelezo ya daktari mwenyewe, haina.

Hapo naomba nisieleweke vibaya. Muulize daktari kwa maneno ya wazi: «Je, kuna sababu yoyote ya kitabibu, au ni kwa ajili ya safari ya mume wangu tu?» Kama kuna presha inayopanda, kisukari cha mimba, maji yaliyopungua au mtoto asiyekua, hesabu inabadilika na mimi nitakuwa wa kwanza kukwambia ulazwe. Ukubwa wa mtoto peke yake si sababu ya kumtoa kabla ya wiki 39. Uzito unaokadiriwa kwa ultrasaundi mwishoni mwa mimba hukosea kirahisi kwa asilimia 10 hadi 15. Wanaokwambia kilo tatu na nusu, huenda ni tatu, huenda ni nne.

Umeuliza kama kuanzishiwa kunaleta upasuaji. Kwa miaka mingi hata sisi wakunga tuliamini hivyo. Tuliona wodini: aliyewekewa dripu ndiye aliyeishia chumba cha upasuaji. Lakini tulikuwa tunawalinganisha na waliokuja na uchungu wao, wakati mama anayekataa kuanzishiwa leo hana hakika kwamba uchungu utamshika kesho. Huenda akasubiri wiki mbili zaidi, presha ikapanda au mtoto akazidi kuwa mkubwa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uitwao ARRIVE, uliofanywa katika hospitali 41 za Marekani kwa wanawake 6,106, wote mimba ya kwanza isiyo na tatizo. Nusu walipangiwa kuanzishiwa mwanzoni mwa wiki ya 39, nusu wakasubiri. Upasuaji ulikuwa asilimia 18.6 kwa walioanzishiwa na 22.2 kwa waliosubiri. Presha ya mimba ilikuwa asilimia 9.1 kwa 14.1. Kwa upande wa watoto, matatizo makubwa hayakupishana kwa kiasi cha kutosha kuthibitisha kwamba njia moja ni salama kuliko nyingine.

Kwa hiyo anayekutisha kwamba kuanzishiwa ni tiketi ya kisu, mwambie utafiti mkubwa tulionao haukuonyesha hivyo. Ila soma pia masharti yake. Wanawake wale walikuwa na tarehe zilizothibitishwa kwa ultrasaundi kabla ya wiki ya 21; wewe usingepokelewa. Waliangaliwa kwa karibu, na madaktari walihimizwa kuvumilia saa nyingi kabla ya kusema imeshindikana. Na wengi walioombwa kushiriki walikataa. Waliokubali walikuwa kama robo tu. Shirika la Afya Duniani, likiwaangalia wanawake wa dunia nzima na wodi za kila aina, katika mapendekezo yake ya 2018 halishauri kumwanzishia mama asiye na tatizo kabla ya wiki 41. Wakubwa hao wawili, ACOG na Shirika hilo, hawajakubaliana, na mimi nakuwekea yote mawili mezani kwa sababu mwili ni wako.

Kuhusu maumivu, wacha nikueleze kinachofanyika, maana wengi wanakubali bila kujua wanakubali nini.

Kwanza utapimwa njia. Mkunga anatazama mambo matano: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, umekuwa mfupi kiasi gani, ni laini au mgumu, umeelekea mbele au nyuma, na kichwa cha mtoto kimeshuka wapi. Alama hizo zilipangwa na daktari Edward Bishop mwaka 1964 na bado ndizo zinazotumika. Mlango ambao haujawa tayari ukiugusa ni mgumu kama ncha ya pua. Uliokomaa ni laini kama mdomo. Hujaniambia wako ukoje, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekupima. Ukiwa laini na umeanza kufunguka, safari ni fupi. Ukiwa mgumu na umefunga, kama ulivyo mara nyingi kwa mimba ya kwanza, utalainishwa kwanza kwa dawa, au kwa mpira mwembamba wenye puto linalojazwa maji ndani ya mlango. Hatua hiyo peke yake inaweza kuchukua usiku mzima na mchana wake. Ndipo chupa inapasuliwa, na dripu ya oksitosini, dawa ya kuleta uchungu, inafunguliwa, tone kwa tone, ikipandishwa kila baada ya muda.

Ni kweli wengi wanasema uchungu wa dripu ni mkali. Uchungu wa kawaida unapanda taratibu na mwili unazoea. Wa dripu unaweza kuja kwa kasi na kwa kukaribiana, nawe uko kitandani na mkanda wa kupimia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Mkanda huo si pambo. Kizazi kikibana mno bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na dripu lazima ipunguzwe au ifungwe mara moja. Kwa hiyo swali moja la kuuliza, hata huko mbele ukihitaji kuanzishiwa kwa sababu za msingi, ni hili: nani atakaa na mimi usiku, mapigo ya mtoto yatapimwa kila baada ya muda gani, na ikihitajika upasuaji wa dharura, upo hapo hapo au ni mpaka waitwe? Wodi isiyoweza kujibu swali hilo haifai kumwanzishia mtu kwa hiari.

Nasema haya na picha moja iko mbele ya macho yangu. Binti mmoja wa mimba ya kwanza, tuliyemwanzishia njia yake ikiwa imefunga kabisa. Siku ya kwanza alicheka na kupiga simu huku na huku. Usiku wa pili alikuwa amelala kiubavu, ameshika ukingo wa kitanda, midomo imekauka, ananiuliza, «Sasa imefika ngapi?» nami namwambia njia imefunguka sentimita tatu, kama nilivyomwambia saa nne zilizopita. Alijifungua salama, kwa njia ya kawaida, mtoto mzima. Lakini alikuwa ameambiwa «njoo Ijumaa, Jumamosi unaondoka na mtoto», na maneno hayo yalimuumiza kuliko dripu. Usikubali mtu akuahidi saa.

Sasa vidonge vya dada yako. Hapa sina maneno laini: usimeze. Nadhani anazungumzia misoprostoli. Ni dawa nzuri mikononi mwa mkunga. Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe kwa kunywa mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili, mama akiwa anaangaliwa. Kidonge kinachouzwa sana ni cha mikrogramu 200. Kidonge kimoja tu ni dozi nane kwa mpigo, usiku, nyumbani, bila mtu wa kusikiliza mapigo ya mtoto. Kizazi kinaweza kuchanika, na kwa aliyezaa mara kadhaa kama dada yako hatari hiyo ni kubwa zaidi. Aliponea, tunashukuru, mweleze asimwelekeze mtu mwingine. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu nazo zinabana kizazi bila kipimo chochote, na mafuta ya mbarika yatakupa kuhara na kuishiwa maji kabla ya kukupa kitu kingine. Acha vyote.

Nimefika kwa rafiki yako. Pole, mwanangu. Pole kwake na kwako. Hofu uliyonayo si ya kijinga na wala sitaki kuifuta kwa kukuambia usiwaze. Ni kweli hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda kadiri mimba inavyopitiliza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya mimba zaidi ya milioni 15, uliikuta kuwa ndogo sana wiki ya 37, kama mtoto mmoja kati ya 9,000, na ikipanda hadi watoto 3 kwa kila 1,000 wiki ya 42. Mwaka huo huo yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Sweden uliowalinganisha walioanzishiwa wiki ya 41 na waliongoja hadi ya 42, uliosimamishwa kabla ya wakati: watoto sita wa kundi lililongoja walikuwa wamefariki, hakuna hata mmoja wa kundi la 41.

Kwa hiyo kusubiri ninakokushauri kuna mwisho. Kwa karatasi ya kwanza, wiki 41 ni tarehe 31. Usivuke siku hiyo. Ikifika haujashikwa, kubali kuanzishiwa bila kusita. Hapo si hiari tena, ni sababu ya kitabibu, na hapo ACOG na Shirika la Afya Duniani wanaongea lugha moja. Na kwa kuwa tarehe zako zina mashaka, huenda uko mbele kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana mimba kama yako inatakiwa ianze kuangaliwa kwa ukaribu kuanzia wiki ya 39 hadi 40 ya makisio: mapigo ya moyo wa mtoto yapimwe kwa mashine, maji yaangaliwe. Omba hilo kwa daktari, tena liombe kwa msisitizo. Hilo ndilo rafiki yako alilolikosa: alikaa nyumbani peke yake, hakuna aliyemtazama.

Nyumbani, jua mtindo wa mtoto wako anavyocheza. Kila mtoto ana saa zake za kucheza na za kulala. Ukiona kucheza kumepungua au kumebadilika, usisubiri asubuhi, usimpigie mtu kuuliza, nenda. Vivyo hivyo ukitoka damu, chupa ikipasuka, au kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu. Na hiyo miguu iliyojaa, kama uvimbe umepanda ghafla hadi mikononi na usoni, upimwe presha siku hiyo hiyo. Ukienda mara tatu ukaambiwa mtoto mzima, nenda na ya nne.

Kuna kitu cha kati ambacho huenda hujaambiwa. Ukishafika wiki 39 kwa karatasi ya kwanza, yaani tarehe 17, na ukipenda, mkunga anaweza wakati wa kukupima njia kuzungusha kidole na kuutenganisha utando wa chupa na ukuta wa kizazi. Inakera, inaweza kutoa matone ya damu, na haishiki kwa kila mtu, lakini inapunguza idadi ya wanaohitaji kuanzishiwa kwa dawa baadaye. Ni jambo la kuombwa ridhaa yako. Asikufanyie bila kukuuliza.

Uchovu wako usiuonee aibu. Mwanamke kusema «nimechoka na mimba» si udhaifu, na ungekuwa na wiki 39 za uhakika ningekwambia hiyo inatosha kuwa sababu ya kuzungumza na daktari. Lala kwa ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti, nyanyua mgongo kidogo kwa ajili ya kiungulia, kula kidogo kidogo na mapema. Kuna dawa za kiungulia zinazofaa mjamzito. Muulize mkunga, usiteseke bure.

Mama mkwe mpe heshima yake. Kwa sababu zake na kwa sababu zangu mmefika mahali pamoja safari hii, na huna haja ya kubishana. Lakini tarehe 31 ikifika, msemo wa «mtoto ana siku yake» usikuzuie kwenda. Mume wako ndiye amwambie mama yake hilo, mapema, siyo siku yenyewe.

Na mume wako, mweleze yote. Mweleze na habari ya rafiki yako, maana unabeba hofu hiyo peke yako na yeye anadhani unasitasita kwa sababu ya maneno ya mama yake. Muwekee karatasi zote mbili mbele yake na kalenda. Sidhani kama baba anayemtaka mtoto kiasi cha kukukumbatia mbele ya daktari atachagua kumwona akiwa kwenye chumba cha watoto wachanga, akihema kwa mashine. Hujamkosea. Kisha aende kwa mwajiri wake sasa, si tarehe 15, aombe kusogezewa safari au kubadilishana zamu na mwenzake hadi mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Mabaharia wana wenzao waliopitia hayo, na barua ya hospitali inayoonyesha makisio ya kujifungua itamsaidia. Ikishindikana kabisa, mtoto atakuwa na miezi karibu mitano baba akirudi, anacheka, anashika kidole. Inauma, sikatai. Panga basi nani atakuwa nawe wodini na wiki za mwanzo nyumbani, na umtaje kwa jina kabla meli haijaondoka.

Kwenye miadi ijayo, nenda na mume wako na karatasi zote mbili za ultrasaundi. Mwambie daktari: «Tunaomba turudi kwenye tarehe ya kipimo cha kwanza, na tunaomba tarehe 6 iwe siku ya kupimwa, si ya kulazwa.» Kisha nyamaza umsikilize. Akikueleza sababu ya kitabibu usiyoijua, iandike na uniandikie. Akishikilia tarehe 6 bila kutoa sababu, una haki ya kuomba daktari wa pili aziangalie karatasi hizo, na kuomba hivyo hakumvunjii mtu heshima.

Shangazi